SOMO: TOWASHI WA KANDAKE
Masomo: Matendo 8:26-39, Isaya 56:3-5



Leo tuchunguze neno moja la jumba la kifalme. Waingereza wanasema eunuch. Walilipata kwa Wayunani, walioliunga kwa maneno mawili: kitanda na kutunza. Ndiyo kusema, mtunzaji wa chumba cha kulala cha mfalme. Sisi tunasema towashi, neno lililotoka kwa Waarabu. Kandake nalo si jina la mtu. Ni cheo cha malkia wa Kushi, ufalme wa watu weusi uliokuwa na mji wake Meroe, kando ya mto Nili, katika nchi iitwayo leo Sudani.

Kwa nini wafalme walipenda matowashi? Kwa sababu towashi alihasiwa; hakuwa na mtoto wa kumtafutia kiti cha enzi. Basi wakamkabidhi wake zao, hata hazina. Lakini Torati ilimzuia kuingia katika mkutano wa Bwana (Kumbukumbu 23:1).

Filipo alipomkuta Mwafrika huyu njiani, hakumwuliza habari za uzazi. Alimhubiri Yesu, wakashuka majini wote wawili.

Wapendwa, hapa Kilembwe tunao ndugu wasio na mtoto. Mara ngapi tumewanyima heshima, hata kumrudisha mke kwao kwa sababu hakuzaa? Katika Isaya, Mungu anawaahidi jina la kudumu nyumbani mwake. Yeye akiisha kuliandika, sisi ni nani tulifute? Amina.