Umeme wa Maji: Nani Hulipwa, na kwa Kazi Gani?

Sisi tulio Kidato cha Nne twakaribia kutoka shuleni, na mazungumzo ya bwenini sasa ni ya kazi. Wako wanaosema kwamba Serikali imejenga bwawa kubwa la umeme huko Rufiji, kwa hiyo kazi huko hazikosekani. Maneno haya yafaa yapimwe, kwa maana mzazi aweza kuuza ng'ombe apate nauli ya kijana, na kijana akafika akakuta kazi imekwisha zamani. Katika somo hili nitaeleza kazi ya kujenga bwawa, kazi ya kuliendesha, na jinsi mshahara unavyohesabiwa.

Kazi ya kujenga

Mkataba wa kujenga Bwawa la Julius Nyerere ulitiwa sahihi mwezi wa Desemba 2018, na wajenzi walikuwa makampuni mawili ya Misri. Ukuta wake una kimo cha mita 131. Maji yalianza kuzuiwa tarehe 22 Desemba 2022, mtambo wa kwanza ukaanza kutoa umeme mwaka 2024, na mitambo yote 9 ikakamilika mwaka 2025. Kila mmoja una nguvu ya megawati 235, na jumla yake ni megawati 2,115.

Wakati wa ujenzi walihitajiwa watu kwa maelfu: waashi, wasuka nondo, madereva, wapishi na walinzi. Lakini zege likiisha kumwagwa, aliyelimwaga hana kazi tena mahali hapo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inautambua mkataba wa kazi maalumu, nao hukoma kazi hiyo inapomalizika. Basi mtu na ausome mkataba wake kabla ya kutia sahihi. Akiondoka, ana haki ya kulipwa mshahara uliosalia na likizo ambayo hakuichukua, na kupewa cheti cha utumishi kitakachomsaidia kupata kazi nyingine.

Kazi ya kuendesha

Mgodi wa dhahabu hauwezi kutoa kitu bila watu kuchimba na kubeba mawe kila siku. Bwawa si hivyo. Maji huteremka kwa uzito wake yenyewe, yakazungusha gurudumu la mtambo, nalo likazungusha jenereta. Kinachohitajiwa ni watu wachache wenye ujuzi: waangalizi wa mitambo wanaofanya kazi kwa zamu usiku na mchana, mafundi wa umeme na wa mitambo, wapimaji wa maji, na wahandisi. Kazi hizi ni chache, lakini hudumu. Kidatu ilianza kutoa umeme mwaka 1975, na hata leo yahitaji watu wa kuiangalia.

Je, sisi wa Shinyanga na Geita hatuna fungu? Tunalo. Umeme hausimami bwawani. Njia kubwa ya nyaya yatoka Iringa, yapita Dodoma na Singida, hata Shinyanga, mwendo wa kilometa 670 hivi. Upande wa magharibi, maporomoko ya Rusumo katika mto Kagera yana mitambo ya megawati 80, ambayo Tanzania, Rwanda na Burundi hugawana sawasawa. Na njia za umeme zaunganisha Rusumo na Nyakanazi, na Nyakanazi na Geita. Umeme huo ukifika, makarasha ya wachimbaji wadogo yaweza kusaga mawe bila dizeli, mchomeleaji akafungua karakana, na kiwanda cha kuchambua pamba kikazungusha mashine zake. Kwa hiyo maji ya Rufiji na Kagera hulipa mishahara mingi kuliko inayoonekana bwawani, na mingi ya hiyo yaweza kulipwa hapa kwetu.

Hesabu ya mshahara

Sheria niliyoitaja yaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa juma. Ili kupata malipo ya saa moja, gawanya mshahara wa mwezi kwa 195. Tuseme, kwa mfano tu, mtu hulipwa shilingi 585,000 kwa mwezi. Saa yake moja ni shilingi 3,000. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu, yaani shilingi 4,500. Saa ya siku ya mapumziko hulipwa mara mbili, yaani shilingi 6,000. Kwa kila saa ya usiku huongezwa asilimia 5, yaani shilingi 150. Akifanya saa 10 za ziada za mchana, na katika zamu zake za kawaida saa 40 zikawa za usiku, atapata 585,000 + 45,000 + 6,000, jumla shilingi 636,000. Humo hukatwa kodi na mchango wa hifadhi ya jamii. Na mwajiri naye hana budi kumchangia.

Tufanye nini?

Ndugu zangu, tusiidharau fizikia wala hisabati. Chuo cha VETA kiko Shinyanga, na Chuo cha Ufundi Arusha kina kituo cha mafunzo ya umeme wa maji huko Kikuletwa. Fundi anayetaka kufunga umeme majumbani hupewa leseni na EWURA. Nanyi wazazi wetu, kabla ya kumtoa ng'ombe zizini, ulizeni kwanza: je, kazi hii ni ya kujenga au ya kuendesha, na mkataba wake ni wa muda gani? Ng'ombe huyo aweza kulipa ada ya ufundi, na ufundi haumaliziki zege linapokauka.

Zoezi: Mtu hulipwa shilingi 390,000 kwa mwezi. Amefanya saa 12 za ziada za mchana, na katika zamu zake za kawaida saa 20 ni za usiku. Atapata kiasi gani kabla ya makato? (Jibu: shilingi 428,000.)

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne