Pato la kila mtu: jinsi ya kulinganisha Kenya na Tanzania

Wiki hii somo letu linahusu hesabu inayotajwa kila mara bungeni na magazetini, nayo ni wastani wa pato la kila mtu. Mfanyabiashara anayepeleka mchele au vitunguu Nairobi huitazama ili kupima uwezo wa wateja wake. Mwekezaji mdogo huitazama kabla ya kununua hisa upande wa pili wa mpaka. Wote wawili wanaweza kupata hasara wakiisoma vibaya.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Chukua thamani ya bidhaa na huduma zote zilizozalishwa nchini kwa mwaka, kisha gawa kwa idadi ya watu. Ili nchi mbili zilinganishwe, jibu hugeuzwa kuwa dola za Marekani. Msomaji anayetaka kulinganisha mwaka hadi mwaka hana budi kuchunguza mambo matatu.

La kwanza ni thamani ya fedha. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa karibu Sh. 123 za Kenya. Mwishoni mwa mwaka ilifika karibu Sh. 156. Tuchukue mfano wa mtu mwenye pato la Sh. 260,000 za Kenya kwa mwaka. Kwa bei ya kwanza ana dola 2,114. Hata pato lake likipanda kwa asilimia 5 na kufikia Sh. 273,000, kwa bei ya pili ana dola 1,750 tu. Watakwimu hutumia wastani wa bei ya dola ya mwaka mzima, hivyo pengo lao huwa dogo zaidi, lakini mwelekeo ni huo huo. Mwaka 2023 uchumi wa Kenya ulikua kwa zaidi ya asilimia 5, na bado Pato lake la Taifa kwa dola lilishuka. Katika miezi ya mwanzo ya 2024 dola ilirudi karibu Sh. 130, bila mashamba wala viwanda kubadilika kwa kiasi hicho.

La pili ni mwaka wa kizio, yaani mwaka ambao bei na muundo wake wa uchumi hutumika kupimia miaka mingine. Septemba 2014 Kenya ilihama kutoka kizio cha 2001 hadi 2009. Pato la Taifa likaongezeka kwa takriban asilimia 25, na nchi ikaingia kundi la kipato cha kati cha chini. Tanzania nayo ilihama mwaka huo huo, kutoka 2001 hadi 2007, na mwaka 2019 ikahamia 2015. Biashara zilizoongezwa kwenye hesabu zilikuwapo tangu awali. Kilichobadilika ni kipimo. Kwa hiyo usiweke tarakimu ya ripoti ya zamani kando ya ile ya ripoti mpya.

La tatu ni idadi ya watu. Sensa za Kenya za 2009 na 2019 zilionyesha ongezeko la takriban asilimia 2.2 kwa mwaka. Sensa za Tanzania za 2012 na 2022 zilionyesha asilimia 3.2. Tuseme uchumi wa kila nchi unakua kwa asilimia 5 na watu wanaendelea kuongezeka kwa kasi hizo. Pato la kila mtu litakua kwa asilimia 2.8 Kenya na asilimia 1.8 Tanzania. Gawa 70 kwa kila tarakimu upate miaka ya pato hilo kuongezeka maradufu: Kenya 25, Tanzania karibu 39. Tofauti ya asilimia moja ni miaka 14.

Je, tarakimu ya dola itupwe? La hasha. Mwenye hisa za Nairobi anayetaka kurudisha fedha zake nyumbani huguswa moja kwa moja na bei ya shilingi ile, na mwagizaji wa bidhaa za nje vile vile. Lakini anayetaka kujua nchi ipi inasonga mbele atazame ukuaji kwa bei za mwaka mmoja wa kizio, kisha aondoe ongezeko la watu. Dola humweleza bei ya leo. Kasi ya uzalishaji ataipata katika hesabu hiyo ya pili.