PAA GUMU AU TURUBAI? SOMO KUTOKA BARABARA ZA BOITO

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kuwa mchagua nazi hupata koroma. Huku kwetu Boito minazi haimei, lakini methali hii nusura itupate sisi nyumbani mwaka jana, tulipokuwa tukichagua paa la gari. Usicheke, ndugu msomaji. Jambo hilo liliwafanya watu wazima wakosane mezani, na lilihusu pesa za bonasi ya majani chai pamoja na karo yangu. Katika makala haya nitaeleza tulichojifunza, ili nawe siku ukiwa na gari lako usirudie makosa yetu.

Kwanza, neno lenyewe

Neno "paa" lina maana nyingi. Kuna paa mnyama wa porini, mwenye mbio. Ndege naye hupaa angani, na mvuvi hupaa samaki kwa kuwatoa magamba. Paa ninalolizungumzia ni lile la kufunika, kama paa la nyumba. Kwa magari ya kupita njia mbaya, yale yanayosukumwa na magurudumu yote manne, kuna mapaa ya aina mbili kuu. Paa gumu ni la bati la alumini au chuma, nalo hufungwa kwa bolti. Paa la turubai ni kitambaa kizito kinachotandazwa juu ya vyuma vilivyopindwa kama upinde, kisha kikafungwa kwa kamba na mikanda.

Chanzo cha mjadala

Mjomba wangu (sisi Wakipsigis humwita mjomba "mama", na wageni hubaki vinywa wazi wakitusikia tukimwita mwanamume mama) alinunua Land Rover kuukuu aina ya Series III, ile ndefu. Ilikuwa imelala chini ya mti kwa miaka mingi. Injini ilikuwa nzima, lakini paa halikuwepo. Nia yake ilikuwa kubeba maziwa asubuhi, kuwapeleka akina mama sokoni siku za soko, na kumpeleka kugo, yaani babu, kliniki kila mwezi kwa sababu ya ugonjwa wa kifua. Mapato ya kazi hiyo ndiyo yangelipa karo yangu. Kwa hivyo mjomba akikosea kwa paa, mimi ningekosa kwa darasa.

Asiyeijua Boito aelewe kwamba tuko Konoin, katika Kaunti ya Bomet. Ni nchi ya vilima, mashamba ya chai na udongo mwekundu. Mvua hunyesha karibu mwaka mzima, aghalabu alasiri. Isitoshe, nyanda za chai za Kericho na Nandi zinajulikana ulimwenguni kwa wingi wa mvua ya mawe. Njia ikilowa huteleza kama mlenda, matatu ndogo zikakwama, na hapo ndipo Land Rover kuukuu hupewa heshima kama mzee wa kijiji.

Historia kwa ufupi

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa kwa umma katika maonyesho ya magari ya Amsterdam mnamo Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa cha mgao. Watengenezaji wakatumia alumini kwa bodi, na chuma wakakiweka kwenye fremu ya chini. Gari hilo la kwanza lilifunikwa kwa turubai, kwa kuwa lilikusudiwa mkulima, na mkulima leo hubeba mbolea, kesho hubeba ndama. Paa gumu lilikuja baadaye kwa wale waliotaka kufungia mali yao ndani.

Kwa nchi za joto kama zetu walibuni pia paa la tabaka mbili. Bati la pili huwekwa juu ya la kwanza na kuachiwa nafasi, ili hewa ipite katikati na jua lisichome vichwa vya abiria. Aina ya Series III kama ya mjomba ilitengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985. Uzuri wake ni kwamba paa lake hufunguliwa kwa spana. Kwa hivyo mwenye gari ana uhuru wa kuchagua, na mwenye uhuru wa kuchagua ana uhuru wa kukosea.

Ajali iliyotutia haraka

Kabla mjomba hajaamua, jambo lilitokea. Mimi na binamu yangu tulikuwa tukirudi kutoka sokoni ndani ya Land Rover ya mtu mwingine, yenye turubai. Mvua ilikuwa imenyesha. Juu ya vyuma vya turubai walikuwa wamefunga magunia ya viazi, na ndani tulikuwa tumebanana kama njiti za kiberiti, kwenye mabenchi ya pembeni yasiyo na mikanda. Kwenye mteremko gari liliteleza polepole, likaingia mtaroni, likalala ubavu. Turubai lilipasuka. Chuma kimoja kilimbana binamu yangu mkono, ukavunjika. Mimi nilitoka na matope tupu, lakini kilio chake bado nakisikia.

Jioni hiyo nyumbani kila mtu alikuwa na neno moja: "Paa gumu!" Baba alisema turubai ni nguo tu. Mimi nilipiga makofi, na ukweli ni kwamba nilikuwa na sababu nyingine moyoni. Paa gumu lilipakwa rangi nyeupe hupendeza, nami nilitaka kuonekana nikishuka humo mbele ya lango la shule. Kugo peke yake ndiye aliyenyamaza. Kisha akasema, "Mkimuuliza mwenye jeraha achague dawa, atachagua iliyo karibu. Nendeni kwa fundi."

Maneno ya fundi

Fundi wetu ni wa jua kali, na mikono yake haitoki grisi. Mjomba akamwambia, "Fundi, tunataka paa gumu ili gari likipinduka watu wapone." Fundi akaweka spana chini. "Mzee, nani alikwambia bati hili huokoa mtu?" Akagonga paa gumu la mtumba lililokuwa pale, likalia kama debe. Akatuonyesha kwamba ni alumini nyembamba iliyoshikwa kwa bolti. Huzuia mvua na mwizi, lakini gari likipinduka kwa nguvu hujikunja. "Si mmeona magari ya Safari Rally? Yote yana paa gumu, na bado ndani huwekewa mabomba mazito ya chuma. Kwa nini?"

Tukanyamaza. Kumbe kinachookoa mtu ni mabomba ya chuma yaliyoshikana na fremu, pamoja na mikanda inayomshikilia abiria asirushwe.

Kisha akauliza magunia yalikuwa wapi siku ile. "Juu," nikajibu. Akatikisa kichwa. Hapo nikakumbuka somo la Fizikia tulilosoma Kidato cha Pili kuhusu kitovu cha uzito: kitovu kikipanda juu, kitu huanguka upesi kikiinamishwa. Niliporudi nyumbani nilichukua kigari cha mdogo wangu, nikakiweka kwa upande juu ya ubao na kuinua ubao polepole. Halafu nikafunga jiwe juu ya kigari na kurudia. Chenye jiwe kilianguka mapema zaidi. Paa gumu nalo ni jiwe la aina yake: tulipojaribu kuliinua lile la fundi, watu wanne tulihema. Si kwamba litaliangusha gari peke yake, lakini ukiongeza na magunia juu yake, mambo huharibika.

Faida na hasara za turubai

Turubai ni jepesi na bei yake ni nafuu. Fundi alitwambia kuwa paa gumu la mtumba lingegharimu kama mara tatu ya turubai jipya pamoja na vyuma vyake. Likipasuka, hushonwa kwa sindano na kiraka. Ukitaka kubeba majani ya ng'ombe, tangi la maji au kabati, unalikunja tu. Wakati wa jua unainua pande na hewa inapita.

Lakini turubai lina tabia zake. Lile la pamba likilowa nyuzi zake huvimba na kuziba matundu, ndiyo maana halivuji. Ukiligusa kwa ndani wakati wa mvua, maji huanza kupenya palepale ulipogusa. Ukilikunja likiwa bichi, litaota ukungu na kuoza, na kwa mvua yetu ya Boito kulikausha ni kazi ya kuvizia jua. Mvua ya mawe hulipasua lililochakaa. Mwizi hahitaji ufunguo, kisu kinamtosha. Tena pazia la nyuma likiachwa wazi gari likienda, moshi wa egzosi na vumbi huvutwa ndani. Hapo mjomba alimtazama kugo na kifua chake.

Faida na hasara za paa gumu

Paa gumu hufungwa kwa kufuli. Mitungi ya maziwa inaweza kulala ndani ya gari bila mlinzi, na baridi ya alfajiri haiwapulizi abiria. Moshi na vumbi hupungua mipira ya milango ikiwa mizima. Likitunzwa, hudumu kuliko maturubai mengi.

Hasara zake ni uzito na bei, na kwamba mzigo mrefu hauingii. Kelele nayo ni nyingi: mvua ya mawe ikilipiga hamsikilizani, na kila jiwe huacha alama. Asubuhi ya baridi pumzi za abiria hugeuka maji chini ya bati na kuwadondokea shingoni. Pia pale alumini inapogusana na chuma, maji yakiingia, alumini huliwa ikawa unga mweupe. Mnunuzi wa paa la mtumba achunguze pembe hizo na kandokando ya bolti kabla ya kutoa pesa.

Tulivyoamua

Siku ya Jumapili tuliketi tena. Mjomba alinipa kalamu niandike kazi za gari, moja baada ya nyingine, na mbele ya kila kazi tuandike paa linaloifaa. Maziwa, majani ya ng'ombe na mizigo ya soko vilikwenda kwa turubai. Kugo na usalama wa mali vilikwenda kwa paa gumu. Ilikaribia kuwa sare! Ndipo fundi akatukumbusha njia ya tatu, ambayo Land Rover yenyewe iliitumia tangu zamani: kibanda kigumu kifupi mbele, juu ya dereva na viti vya karibu naye, na turubai nyuma. Kugo angekaa mbele, mbali na moshi na baridi. Mzigo ungekaa nyuma.

Tofauti ya bei ikabaki mfukoni, na mjomba akaamua itumike kwa mabomba mazito ya chuma kushikwa kwenye fremu, na mikanda kwa kila kiti. Bonasi ilipoingia Oktoba, kazi ikafanywa. Akaweka na sheria mbili: hakuna gunia juu ya turubai, na hakuna abiria kuzidi viti. Siku za soko watu humlalamikia kwamba anaacha pesa barabarani. Yeye huwajibu, "Muulizeni mpwa wangu aliyevunjika mkono."

Mimi sikupata paa langu jeupe la kujivunia. Lakini karo ya muhula wa kwanza ililipwa, na binamu yangu sasa anaandika tena kwa mkono uleule.

Hitimisho

Ndugu msomaji, ukitaka kuchagua paa jiulize maswali haya: Gari litafanya kazi gani siku nyingi za mwaka? Litalala wapi usiku? Ni nani atakayepanda, mzima au mgonjwa? Nina pesa ngapi, na zitakazobaki zitanunua usalama gani? Tena usichague siku ya ajali, wala usichague kwa macho ya watu. Sisi tulikaribia kufanya yote mawili, tukaokolewa na mzee aliyenyamaza kwanza akasema baadaye.

Zoezi

1. Taja hasara mbili za turubai na mbili za paa gumu kulingana na makala haya.
2. Kwa nini ni kosa kudhani kwamba paa gumu peke yake litaokoa abiria gari likipinduka?
3. Tunga sentensi nne zinazoonyesha maana nne tofauti za neno "paa".
4. Jadili ukweli wa methali "Mchagua nazi hupata koroma" ukirejelea uamuzi wa mjomba. Je, alipata koroma?