Siri ya Matokeo na Ufunguo wa Sanduku

Nchi ya Kanada ni pana kiasi kwamba watu wa Newfoundland wanapofunga kazi jioni, wenzao wa British Columbia wametoka tu kula chakula cha mchana. Tofauti ya saa kati ya pande hizo mbili ni saa 4 na nusu. Kwa sababu hiyo, tangu mwaka 1938 sheria ya uchaguzi ya nchi hiyo ilikataza kutangaza matokeo ya mashariki mahali ambapo vituo vya kupigia kura havijafungwa. Ulikuwa wakati wa redio, na vituo vya redio vilikuwa vichache, hivyo sheria ilishikika. Katika uchaguzi mkuu wa mwaka 2000, mkazi mmoja wa British Columbia aliyaweka matokeo ya majimbo ya Atlantiki katika tovuti yake huku majirani zake wakiwa bado kwenye foleni. Alishtakiwa. Mwaka 2007 Mahakama ya Juu ya Kanada, kwa kura 5 za majaji dhidi ya 4, iliamua kwamba sheria hiyo ni halali. Hata hivyo mwaka 2014 Bunge liliifuta, kwa kuwa kila raia mwenye simu mkononi alikuwa amekwisha kuwa kituo cha utangazaji.

Kwa nini matokeo yafichwe hata kwa saa chache? Msomaji na atazame uchaguzi wa rais wa Marekani wa mwaka 1980. Mashirika ya televisheni yalimtabiri Ronald Reagan kuwa mshindi, naye Jimmy Carter akakubali kushindwa, kabla vituo vya majimbo ya magharibi havijafungwa. Mtu aliyekuwa njiani kwenda kupiga kura huko California alikuwa na haki ya kujiuliza kama safari yake ina maana. Wataalamu wamebishana sana juu ya idadi ya waliogeuza njia, lakini kanuni yenyewe haibishaniwi: kura ya asubuhi na kura ya jioni zinapaswa kuwa sawa, na anayepiga jioni akiwa amekwisha kujua hesabu hapigi kura ileile.

Hapa yafaa kutofautisha mambo mawili yanayochanganywa mara kwa mara. Siri ya kura ni haki ya mpiga kura kutojulikana alimchagua nani, nayo haina mwisho. Siri ya matokeo ni ya muda tu. Hukoma vituo vinapofungwa. Katika uchaguzi wa karatasi siri hii ya pili hujilinda yenyewe, maana sanduku lina lakiri na hakuna hesabu mpaka limwagwe mezani. Tena likishamwagwa, uwazi ndio ulinzi. Nchini Kenya mwaka 2022 tume ya uchaguzi iliweka hadharani mtandaoni nakala za fomu za matokeo ya urais za vituo zaidi ya 46,000, na yeyote aliyetaka aliweza kujumlisha mwenyewe. Shida tunayoizungumzia inatokea pale kura zenyewe zinapopigwa kwa njia ya mtandao kwa siku kadhaa, kama ilivyo nchini Estonia tangu mwaka 2005. Kura huwa zimo tayari ndani ya kompyuta. Ni nani atakayemzuia mtunza kompyuta asichungulie kila jioni na kumnong'oneza mgombea mmoja? Kiapo hakitoshi. Inatakiwa njia ambayo hata mwenye nia mbaya hawezi.

Njia hiyo ni kusimba, yaani kuugeuza ujumbe kuwa namba zisizo na maana kwa asiye na ufunguo. Tangu miaka ya 1970 wanahisabati wamejua kutengeneza funguo mbili zinazokwenda pamoja: ufunguo wa umma, ambao hupewa watu wote na unaweza kufunga tu, na ufunguo wa siri, ambao ndio pekee unaofungua. Kila mpiga kura huifunga kura yake kwa ufunguo wa umma kabla haijaondoka katika kompyuta yake. Mtunza kompyuta hupokea vifurushi vilivyofungwa, na hata akivitazama usiku kucha hapati kitu.

Jambo la kupendeza zaidi ni kwamba vifurushi hivyo vyaweza kujumlishwa bila kufunguliwa. Hebu tuchukue mfano mdogo, tukitumia hesabu ya saa yenye namba 13: kila tukifika 13 tunarudi 0. Wapiga kura wanne wana kura 1, 0, 1 na 1, ambapo 1 ni "ndiyo". Kila mmoja anachagua kwa bahati nasibu namba ya kuficha kura yake, tuseme 8, 3, 12 na 5, kisha anajumlisha. Zinazopelekwa ni 9, 3, 0 na 6. Hakuna anayeweza kusema 9 inaficha nini. Jumla yake ni 18, yaani 5. Sasa mwenye ufunguo haambiwi namba moja moja za kuficha, bali jumla yake tu, ambayo ni 28, yaani 2. Anatoa 2 katika 5 na kupata 3: kura tatu za "ndiyo". Matokeo yamejulikana, na kura ya kila mtu imebaki siri. Mifumo halisi hutumia namba zenye tarakimu zaidi ya 600 na hupitia vipeo badala ya kujumlisha moja kwa moja, lakini wazo ni hilo.

Basi siri yote imehamia katika ufunguo. Nani aushike? Akishika mtu mmoja tumerudi pale pale. Jibu la haraka ni kuugawa. Tuseme ufunguo ni namba 7. Tunawapa watu watatu 5, 9 na 6, ambazo jumla yake ni 20, yaani 7 katika hesabu ya 13. Mmoja peke yake hajui kitu, na hata wawili wakila njama hawajui kitu, maana namba ya tatu yaweza kuwa yoyote. Kwa upande wa siri hakuna mpango ulio imara kuliko huu.

Lakini mpango huu una udhaifu, na waliouonja ni watu ambao hakuna aliyewatarajia. Chama cha kimataifa cha watafiti wa elimu hii ya kusimba, kinachoitwa IACR, kilifanya uchaguzi wa viongozi wake kwa mtandao, na upigaji kura ukaisha tarehe 16 Novemba 2025. Kilitumia mfumo uitwao Helios, na ufunguo ulikuwa umegawanywa kwa wadhamini watatu ambao wote walihitajika. Mdhamini mmoja akapoteza sehemu yake. Kura zilikuwepo, zimetunzwa vizuri, hazikuharibika hata moja. Ila hapakuwa na mtu duniani wa kuzifungua. Chama kililazimika kutangaza kwamba matokeo hayawezi kupatikana, na uchaguzi ukarudiwa kuanzia tarehe 21 Novemba hadi 20 Desemba. Siri ilikuwa imetunzwa kupita kiasi. Mwandishi haoni sababu ya kuwacheka. Walio mabingwa walikiri kosa hadharani, na ni wachache wafanyao hivyo baada ya uchaguzi.

Katika uchaguzi wa marudio kanuni ilibadilishwa: wadhamini wawili kati ya watatu wangetosha. Hilo linawezekanaje? Jibu lilitolewa mwaka 1979 na Adi Shamir, na mwanafunzi wa sekondari anaweza kulifuata, kwa maana linasimama juu ya ukweli kwamba nukta mbili huamua mstari mnyoofu mmoja tu. Siri yetu 7 tunaiweka mahali mstari unapokata mhimili wima. Mteremko tunauchagua kwa bahati nasibu, tuseme 4. Mstari ni y = 7 + 4x. Mdhamini wa kwanza anapewa thamani ya y pale x ni 1, wa pili pale x ni 2, wa tatu pale x ni 3. Katika hesabu ya 13 wanapata 11, 2 na 6.

Tuseme wa tatu amepotea. Wa kwanza na wa pili wanakutana: 2 kutoa 11 ni -9, na tukiongeza 13 tunapata 4, ambao ndio mteremko. Wanarudi hatua moja nyuma: 11 kutoa 4 ni 7. Siri imepatikana. Na mdhamini aliye peke yake? Kupitia nukta yake hupita mistari 13, mmoja kwa kila jibu linalowezekana, wala hana sababu ya kuuchagua huu kuliko ule. Mwalimu aangalie kwamba hesabu ya saa si pambo hapa. Kwa namba za kawaida, mwenye 11 aliyeambiwa kwamba mteremko ni namba kamili chanya angejua tayari kwamba siri ni ndogo kuliko 11, na huo ni uvujaji.

Bei ya nafuu hii haifichiki. Wawili wakitosha kufungua mwisho wa uchaguzi, wawili wanatosha pia kuchungulia katikati yake. Hisabati inatoa uwezo wa kuchagua idadi. Haisemi ni idadi gani iliyo salama. Hilo hutegemea watu wenyewe: kama wanatoka vyama vinavyopingana, kama wanatunza vitu vyao mahali mbalimbali, kama wanaogopana kiasi cha kutosha. Wala ufunguo, hata ukigawanywa vizuri vipi, haumlindi mpiga kura aliyesimamiwa na mume, mwajiri au mzee wa chama anapobonyeza kitufe. Kwa sababu hiyo Estonia humruhusu mtu kupiga kura ya mtandao tena na tena, ya mwisho ikihesabiwa, au kwenda kituoni kupiga ya karatasi ambayo hufuta ile ya mtandao.

Kwa darasa, walimu wanaweza kuanza na zoezi hili. Tumieni tena hesabu ya 13. Wadhamini ni watano, na inatakiwa watatu watoshe lakini wawili wasijue kitu. Mstari mnyoofu hautafaa. Chukueni y = 7 + 4x + 2x², mpate sehemu za wadhamini wote watano, kisha mtafute siri kwa kutumia sehemu ya kwanza, ya tatu na ya tano peke yake. Wanafunzi wawili wakae kando na sehemu zao mbili, waeleze kwa nini wanashindwa.