Hesabu ya Watu wa Ukerewe na Ardhi Waikaayo

Wasomaji wetu wengi huichukulia hesabu ya watu, ambayo siku hizi huitwa sensa, kuwa jambo la kupita. Makarani huja, huuliza majina, umri na kazi, kisha huenda zao. Na baada ya miezi kadhaa hutolewa jumla kubwa ambayo husomwa mara moja tu na kusahauliwa. Twaona kuwa hiyo ni hasara kwa walimu na kwa wazee wa vijiji, maana tarakimu zile, mtu akizisoma kwa uangalifu, zamweleza mambo ya wilaya yake ambayo hata aliyezaliwa humo yamkini hakuyatambua. Basi leo twapenda kuitwaa wilaya moja na kuisoma pamoja nanyi hatua kwa hatua. Tumechagua Ukerewe, katika Mkoa wa Mwanza, kwa sababu wilaya hiyo yote ni visiwa, na mtu anayekosea kuihesabu huliona kosa lake upesi.

Ukerewe ni kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ziwa Viktoria, na mji wake mkuu ni Nansio. Lakini wilaya si kisiwa hicho peke yake. Upande wa kaskazini kuna Ukara, tena kuna Irugwa na visiwa vingine vingi vidogo, vingine vyenye vijiji, na vingine vyenye kambi za wavuvi tu. Wenyeji wa huko ni Wakerewe, Wakara na Wajita, pamoja na watu wengine waliofuata samaki.

Usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022 walihesabiwa humo watu 387,815. Sasa twauliza: je, watu hao ni wengi au ni wachache? Tarakimu hiyo peke yake haiwezi kutujibu. Watu 387,815 katika nchi pana ni haba. Katika nchi ndogo ni msongamano. Hapana budi kwanza tujue ukubwa wa mahali.

Na hapa ndipo wengi wanapokosea. Vitabu husema kuwa wilaya ya Ukerewe ina kilometa za mraba 6,400. Mwanafunzi mwepesi ataigawanya hesabu ya watu kwa 6,400, naye atapata kama watu 61 kwa kila kilometa moja ya mraba. Kisha ataitazama Tanzania nzima: watu 61,741,120 mwaka huo huo wa 2022, juu ya nchi kavu ya kadiri ya kilometa za mraba 884,000, yaani karibu watu 70 kwa kila kilometa. Atasema, “Kumbe Ukerewe kuna nafasi kuliko sehemu nyingine za nchi!” Hesabu yake ya kugawanya ni sahihi kabisa, lakini jibu lake ni uongo. Maana katika zile kilometa 6,400, kilometa 5,760 ni maji. Nchi kavu ni 640 tu, yaani sehemu moja katika kumi. Nchi nzima ameipima kwa ardhi, na Ukerewe ameipima kwa ziwa.

Basi na tugawanye upya, kwa 640. Twapata watu 606 kwa kila kilometa moja ya mraba. Mahali palipoonekana kuwa na watu wachache kuliko kawaida ya nchi pana watu zaidi ya mara nane ya kawaida hiyo. Hakuna mtu hata mmoja aliyeongezeka wala kupungua. Kilichobadilika ni kile tulichokigawanyia.

Tuilete hesabu hiyo karibu zaidi na jembe. Kilometa moja ya mraba ina hekta 100. Kwa hiyo kila mtu wa Ukerewe, mtoto na mzee, angepata sehemu ya sita ya hekta, ambayo haifiki nusu eka. Nyumba yenye watu sita ingepata eka mbili na nusu hivi. Hapo bado hatujatoa mji wa Nansio, wala barabara, wala msitu wa Rubya, wala majabali ambayo katika visiwa hivyo ni mengi mno na hayapandwi hata mhogo. Mwalimu anaweza kuwapeleka watoto nje na kupima eka moja kwa kamba, kisha kuwasimamisha watu wawili na nusu ndani yake (yule nusu na awe mtoto mchanga mgongoni). Wataelewa upesi kuliko kwa maneno yetu.

Sasa tuendelee na jambo la pili, ambalo kwetu sisi ndilo zito zaidi. Hesabu moja ni kama kumwona mtu mara moja njiani: huwezi kujua aendako. Hesabu mbili zaonyesha mwendo. Katika sensa ya tarehe 26 Agosti 2012 watu wa Ukerewe walikuwa 345,147. Kwa hiyo katika miaka kumi waliongezeka 42,668, yaani kadiri ya watu 12 kwa kila 100. Tanzania nzima katika miaka hiyo hiyo ilitoka watu 44,928,923, nayo iliongezeka zaidi ya 37 kwa kila 100. Kama Ukerewe ingalikwenda sawasawa na nchi, ingalikuwa na watu kama 474,000. Walioonekana ni pungufu ya hao kwa zaidi ya 86,000.

Je, wako wapi? Hatusemi kwamba wote 86,000 walipanda vyombo wakahama, maana kuzaliwa na kufa hakuwi sawa katika kila wilaya, na mtu hawezi kuhesabu watoto wasiozaliwa. Lakini tazameni Ilemela, ambayo ni sehemu ya jiji la Mwanza, ng'ambo ya maji. Mwaka 2012 Ilemela ilikuwa na watu 343,001, yaani pungufu kidogo ya Ukerewe. Mwaka 2022 ilikuwa na 509,687. Zilianza safari pamoja kama ndugu wawili wa kimo kimoja, na baada ya miaka kumi mmoja amempita mwenzake kwa watu 121,872. Mtu yeyote aliyekaa gatini Nansio asubuhi akawatazama vijana wanaopanda meli na mifuko yao hatahitaji tumweleze mengi.

Kuhama huko si jambo jipya. Kwa habari hiyo yafaa tukitazame kisiwa cha Ukara, ambacho wataalamu wa kilimo wamekistaajabia tangu zamani. Ukara ni kisiwa kidogo cha kadiri ya kilometa za mraba 80, chenye mawe mengi na udongo wa mchanga usio na rutuba nyingi. Hata hivyo katika miaka ya 1960 kilikuwa na watu kadiri ya 16,000, yaani 200 kwa kila kilometa, wakati ambapo sehemu nyingi za bara zilikuwa na nchi tele isiyolimwa.

Waliwezaje? Wakara hawakuliacha shamba lipumzike miaka mingi kama walivyofanya watu wenye nchi pana. Walililisha. Ng'ombe walifungwa ndani ya nyumba, mahali palipochimbwa chini kuliko sakafu, wakaletewa majani. Na samadi iliyojaa humo ikachukuliwa kwa vikapu hadi shambani. Kwa kuwa malisho hayakutosha, walichimba mashimo karibu na maji wakapanda nyasi humo kama vile wengine wapandavyo mpunga, na majani ya miti pia yakakatwa kuwa chakula cha mifugo. Walipopanda uwele walipanda katikati yake mmea wa jamii ya marejea. Uwele ulipovunwa, mmea ule ukaendelea kukua, kisha ukafukiwa ardhini ili kuupa udongo nguvu. Njugu mawe nazo zilikuwa na zamu yao. Penye mteremko walijenga kingo za mawe. Na kila mti ulikuwa na mwenyewe, na kila kipande cha ardhi kilikuwa na mwenyewe; mtu aliweza kukiuza na kukinunua, tangu siku ambazo makabila mengi ya bara hayakujua kuuza ardhi.

Watu wengi waliosifu jambo hili walisema, “Wakara ni hodari kwa asili.” Sisi hatukubali kuwa hiyo ndiyo sababu yote. Maana Wakara waliohamia bara, kwenye nchi pana, waliiacha kazi ile ya samadi na mashimo, wakalima kama jirani zao walivyolima. Kwa nini mtu abebe vikapu vya samadi siku nzima, na huku kuna pori jipya karibu? Uhodari wa Ukara ulitoka katika ufinyu wa Ukara. Na hata uhodari huo ulikuwa na mwisho wake, kwa kuwa kwa miaka mingi hesabu ya watu wa kisiwani haikupanda sana: waliozidi walivuka maji, wakaenda Ukerewe au bara. Kisiwa kilikuwa kama mtungi uliojaa. Maji yaliyoongezwa yalimwagika.

Huenda msomaji akauliza kama watu wa huko hawakuona kuwa wanazidi. Tumjibu kwamba mambo ya uzazi hayapimwi kwa eka peke yake. Mwandishi Aniceti Kitereza, mzaliwa wa Ukerewe, alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe kitabu kirefu juu ya Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka, nacho kilitolewa kwa Kiswahili zaidi ya miaka 30 baadaye. Mashaka yote ya watu wawili hao yanaanzia katika jambo moja, nalo ni kukosa mtoto. Katika nchi ambayo maradhi yalichukua watoto wengi, nyumba isiyo na mtoto ndiyo iliyoonekana kuwa na njaa, hata kama ghala lake lilijaa. Mwenye kusoma tarakimu asimcheke aliyezaa.

Sasa turudi kwenye yale maji tuliyoyatoa katika hesabu. Tuliyatoa kwa sababu hayalimwi, lakini si kusema kuwa hayana watu. Sangara, sato na dagaa hulisha nyumba nyingi. Tena sensa huwahesabu watu mahali walipolala usiku ule, si mahali walipozaliwa. Kwa hiyo mvuvi wa Ukara aliyelala kambini kisiwa kingine huandikwa kule, na kijijini kwake ataonekana kama hayupo. Wazee wa vijiji wanaoshangaa kwa nini hesabu yao haikufika waliyoitazamia yafaa wakumbuke jambo hili kabla ya kuwalaumu makarani. Zamani watu waliwakimbia makarani kwa hofu ya kodi. Siku hizi fedha za shule na zahanati hugawanywa kwa kutazama idadi ya watu pamoja na mambo mengine, na kijiji kinachojificha chajipunja chenyewe.

Na yako maji ambayo watu huvuka. Msongamano wa nchi kavu huhamia chomboni, kwa sababu watu wengi wanaokaa mahali padogo hutegemea soko, hospitali na shule za mahali pengine. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya Alhamisi, ambayo ni siku ya gulio huko Bugolora, kivuko cha MV Nyerere kiliondoka Bugolora kwenda Bwisya katika kisiwa cha Ukara. Chombo hicho kiliruhusiwa kuchukua abiria 101. Kilipinduka kikiwa karibu sana na gati, watu wa pwani wakitazama. Waliookolewa walikuwa 41, na waliokufa zaidi ya 220. Siku ile hapakuwa na mtu aliyeweza kusema kwa hakika ni wangapi waliokuwa wamepanda. Hesabu yao ilijulikana polepole, kwa kadiri maiti walivyotolewa majini, na wengi walizikwa pale pale Ukara.

Twalitaja jambo hilo zito katika somo la hesabu kwa sababu ni hesabu ile ile. Mtu aliyeitazama Ukerewe kwa kilometa 6,400 asingeona haja ya vyombo vingi: watu 61 kwa kilometa, hapana shida. Anayeitazama kwa kilometa 640 ajua kuwa siku ya gulio watu wa kisiwa kidogo kilichojaa watafika gatini wote kwa saa moja, nao wote watataka kurudi kwao kabla ya jua kuchwa.

Mwalimu anayependa kulifanyia kazi somo hili katika wilaya yake na aanze hivi. Apate kwa Afisa Mtendaji wa kata idadi ya watu ya mwaka 2012 na ya mwaka 2022, lakini kwanza aulize kama mipaka ya kata ilibadilishwa katikati ya miaka hiyo. Ikiwa ilibadilishwa, hesabu hizo mbili hazifai kulinganishwa. Apate na ukubwa wa kata. Kisha awaulize wazee, wala asiulize karatasi, ni sehemu gani ya nchi hiyo isiyolimika: ziwa, bwawa, jabali, msitu wa hifadhi, mbuga yenye maji mwaka mzima. Atoe hizo, ndipo agawanye. Watoto na wafanye hesabu zote mbili, ya kwanza kwa eneo lote na ya pili kwa ardhi inayolimika, waziandike ubaoni pamoja, na kila mtoto aseme ni ipi kati ya hizo inayofanana na shamba la baba yake.