Mwizi wa Simu Hupenda Nyumba Yenye Siri



Tuchukue mfano wa mama anayeuza mboga sokoni Machakos. Ni saa nne asubuhi, wateja wamemzunguka, simu inalia. Mwanamume mwenye sauti ya heshima anasema yeye ni mwalimu: mtoto ameanguka shuleni, yuko hospitalini, na daktari anadai shilingi 8,000 kabla ya kumgusa. "Usikate simu, mama, hali si nzuri." Mama anatuma. Jioni mtoto anaingia nyumbani akiimba, hana hata jeraha.

Je, mama huyu atamwambia bwana wake? Wengi hawasemi. Pesa zilikuwa za karo, naye anaogopa kuitwa mjinga mbele ya watoto. Basi anakopa kisiri kuziba pengo, na deni linazaa deni. Nasi waume tusicheke: sisi hunaswa kwa habari za zawadi na kazi za ng'ambo, kisha tunanyamaza vilevile.

Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, akiba za nyumba nyingi zimehamia ndani ya simu. Mwizi hana haja ya kuvunja dirisha. Anachohitaji ni haraka na hofu. Ndiyo sababu anakataza kukata simu: akijua utampigia mwenzako, kazi yake imekwisha.

Basi kaeni leo jioni mkubaliane. Ombi lolote la pesa za ghafla lisilipwe kabla mmoja hajampigia mwingine. Namba ya mwalimu mkuu iandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ukutani, mpigie ninyi wenyewe. Chagueni pia neno moja la nyumbani, ambalo mtu akidai ametumwa na mmoja wenu ataulizwa.

Kuna ujumbe mwingine: "Nimekutumia pesa kimakosa, nirudishie." Usiamini maandishi, tazama salio lako. Ujumbe wa kweli huja kwa jina MPESA, si kwa namba ya mtu.

Hatari zaidi ni mwizi anayejifanya mfanyakazi wa Safaricom. Kampuni hiyo huwapigia wateja kwa namba 0722 000 000 peke yake. Huyu mwingine ataomba namba ya kitambulisho na mwaka wa kuzaliwa, kisha aihamishe laini yako kwenye kadi yake. Simu yako ikipoteza mtandao ghafla huku ya jirani inao, azima simu upige 100 mara moja. Kuzuia hilo mapema, bonyeza *100*100# na kufuata maelezo.

Mnaniuliza kama mume na mke waambiane namba ya siri. Kwa maoni yangu, si hapo penye shida. Nimeona nyumba ambamo kila mmoja anaijua namba ya mwenzake, na bado hakuna anayethubutu kukiri kosa.

Mwenzako akikujia na kusema, "Nimeibiwa," swali la kwanza lisiwe "Ulikuwa wapi akili?" Uliza, "Umetuma saa ngapi?" Pesa ambazo hazijatolewa kwa wakala huweza kuzuiliwa, kwa hiyo upelekeni ujumbe wa M-Pesa kwa 456 hapo hapo, na namba ya mwizi kwa 333. Mengine mtayazungumza watoto wakishalala.