Afisa wa Inua Jamii Akiuliza, Usijibu "Tuko Salama"

Kitui na Makueni zina familia nyingi zinazomlea mtu mwenye ulemavu mkubwa na ambazo hazijawahi kuona senti ya Inua Jamii, mpango wa serikali ya Kenya wa kutoa fedha za msaada. Mara nyingi kinachowakwamisha si ulemavu wenyewe. Ama wamebisha mlango usio wao, ama wameficha ugumu wa maisha yao bila kukusudia.

Tuanze na mlango. Kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu na kupewa kadi ni jambo moja. Kuingizwa katika mpango wa Inua Jamii wa fedha kwa watu wenye ulemavu mkubwa, ulioanza mwaka 2011 na unaolipa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kila kaya, ni jambo lingine kabisa. Wako watu ambao wameitunza kadi kabatini miaka nenda miaka rudi wakingoja simu ipigwe, na simu haipigwi, kwa sababu orodha ya fedha huandikwa kwingine: kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo, akisaidiwa na chifu, naibu wa chifu na kamati ya kijijini. Ukishapata kadi, nenda huko ujitambulishe. Uliza usajili unaofuata ni lini, na jina likishaandikwa, hakikisha umeliona kwa macho yako.

Halafu jiulize kama mpango huo ni wako. Unamlenga mtu asiyeweza kuachwa peke yake, anayehitaji mlezi mchana na usiku, anayeishi katika kaya maskini, asiye na pensheni wala mshahara, na asiyepokea fedha za mpango mwingine wa aina hiyo. Fundi wa viatu pale Wote aliyekatwa mguu lakini anajitegemea atakataliwa, na kurudi mara tano hakutabadilisha jibu. Haki zake ziko katika hazina ya maendeleo iliyo chini ya Baraza: viti vya magurudumu na vifaa vingine, msaada wa karo, ruzuku kwa vikundi. Aliyeajiriwa ana msamaha wa kodi ya mapato kwa shilingi 150,000 za kwanza kila mwezi, na huo huombwa kwa Mamlaka ya Ushuru (KRA) kwa cheti chenye tarehe ya kuisha. Kujua mlango wako mapema kunakuokoa nauli, na kutoka Tseikuru hadi Kitui mjini nauli si mchezo.

Kadi yenyewe huanzia hospitali ya serikali iliyoidhinishwa kufanya tathmini ya ulemavu. Usikodi gari kabla ya kupiga simu au kumtuma mtu aulize tathmini hufanywa siku gani, na kama daktari wa aina ya ulemavu wenu atakuwepo. Mtoto asiyesikia anahitaji kupimwa masikio. Mwenye maradhi ya akili anahitaji kuonwa na mtaalamu wa akili. Beba kila karatasi ya zamani: daftari la kliniki, barua za kuruhusiwa kutoka wodini, picha za eksirei, hata vijikaratasi vya dawa vilivyochakaa. Kifafa ndicho kinachowaponza wengi hapa. Siku ya tathmini kijana ametulia, anajibu salamu, na mbele ya daktari hakuna dalili yoyote. Kama nyumbani mmekuwa mkiandika tarehe za vifafa, muda vilivyochukua, na siku aliyoangukia jikoni akaungua mkono, daktari ana kitu cha kuandika.

Kabla hujatoka hospitalini, isome fomu pale pale. Je, imesema ulemavu ni wa kudumu au wa muda? Saini zote zipo? Muhuri unasomeka? Kosa dogo likigunduliwa ukiwa bado kwenye benchi la hospitali hurekebishwa kwa dakika chache. Likigunduliwa baada ya miezi miwili, ni safari nzima upya, na mgonjwa mgongoni.

Majina nayo yana mambo yake Ukambani. Siokau kwenye cheti cha kuzaliwa, Syokau kwenye kitambulisho, Syoukau kwenye fomu ya hospitali: kwa majirani ni mtu mmoja, kwa kompyuta ni watu watatu. Chukua kitambulisho cha taifa kiwe kipimo, na karatasi nyingine zote zikifuate. Tatizo kubwa zaidi ni mtu mzima asiye na kitambulisho kabisa, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumfikisha kwa afisa wa usajili wa watu. Mwambie chifu mapema, na uombe maafisa wanapokuja barazani karibu nanyi wafike mpaka nyumbani. Wala usimlipe mtu yeyote ili jina lako "lisukumwe." Kuandikishwa ni bure, na anayeomba kitu kidogo hapo anakuibia.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naona linaumiza kuliko yote. Sisi tumelelewa kumpokea mgeni kwa uso mkunjufu. Afisa wa Inua Jamii akiingia boma kuwahoji, mama hupangusa kiti, humvalisha mwanawe shati safi, humtoa kitandani na kumweka kivulini. Akiulizwa "Hali yenu?" hujibu "Tuko salama, tunamshukuru Mungu." Akiulizwa kama mtoto anakula, husema ndiyo. Yote ni kweli, na yote yatamponza, kwa sababu afisa anaandika kile alichokiona na kukisikia katika nusu saa hiyo.

Kusema ukweli wote si kulalamika, wala si kumvunjia mtoto heshima. Anakula, ndiyo, lakini ni nani anayemlisha, na kwa muda gani? Uji wa asubuhi unachukua saa nzima, kijiko kwa kijiko, maana akiharakishwa anapaliwa. Usiku anageuzwa mara tatu asipate vidonda vya mgongo. Nguo na matandiko yanafuliwa kila siku, na maji ni ya kununua kwa mtungi au ya kufuatwa kwa punda mtoni, ambako wakati wa kiangazi mchanga wenyewe hufukuliwa. Mama ameacha vibarua kwa kuwa hana wa kumwachia mtoto. Maneno haya ndiyo yanayoonyesha kwamba mlezi anahitajika muda wote. Jina la ugonjwa peke yake halitoshi.

Kwa hiyo andika. Chukua daftari la shule, na kwa juma moja andika kila msaada anaopewa na saa yake, toka alfajiri hadi alfajiri. Kama huwezi kuandika, mjukuu ataandika ukimsimulia. Eleza siku mbaya na siku nzuri, na useme siku mbaya ni ngapi. Usiongeze chumvi, kwa sababu majirani watahojiwa pia na uongo mmoja utaichafua kweli yote. Afisa akija, mpe daftari alisome kabla hujamkaribisha chai.

Ukikosa, uliza kwanza kama umekataliwa au nafasi zilijaa. Nafasi huwa chache kuliko wanaostahili, na aliyekosa nafasi anapaswa kubaki kwenye orodha hadi awamu nyingine. Kama umekataliwa, omba sababu kwa maandishi. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa haki hiyo mtu aliyeathiriwa vibaya na uamuzi wa serikali, na ombi la habari chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 linatakiwa kujibiwa ndani ya siku 21. Peleka barua ukiwa na nakala mbili, upigiwe muhuri kwenye nakala yako. Malalamiko ya Inua Jamii hupokelewa pia bila malipo kwa nambari 1533, na wakikunyamazia, iko Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huijua kama Ombudsman. Mkijibiwa kwamba fomu ya hospitali ina kasoro, msikate rufaa kwa hasira. Rudini hospitalini mkairekebishe.

Jina likishaingia, chungeni mlezi aliyeandikwa. Nyumba nyingi huku mlezi ni nyanya, kwa kuwa wazazi wako Nairobi au Mombasa kutafuta riziki. Nyanya akiugua au akifariki, fedha husimama hata kama mtoto yupo. Nendeni kwa afisa wa maendeleo ya jamii juma hilo hilo mkiwa na barua ya chifu na kitambulisho cha mlezi mpya, ambaye awe anaishi na mtoto kweli, na laini yake ya simu iwe imesajiliwa kwa jina lake mwenyewe.